Mwaka Nilipoacha Kuandika Kitanda cha Chini

Habari ya kifo cha Wakesho ilinikuta kazini, stoo ya mashuka, nimeshika pembe mbili za shuka na msichana wa Nepali ameshika pembe mbili za upande wa pili, tunakunja. Simu ilikuwa kwenye rafu, ikicheza ujumbe wa sauti niliokuwa nimeubonyeza bila kuangalia umetoka kwa nani. "Anti Nafula, Mama ametuacha leo asubuhi," alisema Mkamburi, binti yake, kisha akapumua, kisha ujumbe ukaisha. Nilimaliza kukunja lile shuka kwa sababu lilikuwa mkononi. Mwenzangu, ambaye hajui Kiswahili, aliniuliza kwa macho kama kuna jambo, nikatikisa kichwa, tukachukua lingine. Hivyo ndivyo mimi ninavyolia. Watu wameniambia kwamba huo ni ugumu wa moyo.

Kama ningeachwa nilie hivyo kwa wiki mbili, shuka baada ya shuka, ningeshukuru. Lakini kesho yake kamati ya mazishi ilianza kazi, na kamati zetu za mazishi, hata kama maiti iko Wundanyi na wewe uko Doha, zitakufikia tu. Katibu ni Matilda, dada wa mume wa Wakesho. Ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu utakaosomwa kaburini na kuchapwa kwenye kijitabu cha mazishi, na Mkamburi alinitumia picha ya ukurasa huo. Mstari wa Doha ulikuwa mmoja: "Marehemu alihudumu kama muuguzi katika hospitali kubwa nchini Qatar kwa miaka tisa." Chini ya picha Mkamburi aliandika: "Anti, hii si kweli na wote wanajua si kweli. Mama alisema wakitaka kujua ya Doha wamuulize kitanda cha chini. Tafadhali andika wewe. Wanachapisha Jumatano."

Kitanda cha chini ni mimi. Wakesho hakuwahi kuwa muuguzi. Alikuwa msafishaji wa wodi, na mimi ndiye niliyewajulisha watu wa kwao jambo hilo, bila kukusudia, mbele ya kila mwenye simu. Baadaye nilimwahidi, tukiwa tumeketi sakafuni, kwamba sitamwandika tena. Sasa niliyemwahidi amekufa, binti yake anasema ameniachia neno, wifi yake anataka uongo uchapwe kwa wino, na mimi nimeudhika na wote watatu. Ndiyo, na marehemu pia. Mtu anakufa halafu anakuachia kazi.

Mwaka nilipomwahidi hivyo, viwanja vya mpira vya Kombe la Dunia vilikuwa bado mashimo na kreni. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, juu ya bakala, yaani duka la vyakula, na duka la fundi cherehani, sote wa kampuni moja ya usafi lakini kila mmoja amepangwa kwake. Mimi nilisafisha ofisi. Wakesho alikuwa hospitali. Mama Shiro, mkubwa wetu, mtu wa Murang'a, alikuwa shule ya watoto wa wageni. Nakato, Mganda, alizungushwa popote palipopungua mtu, na alilalamika kila mahali kwa usawa. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa, kabati moja lenye milango minne, na mashine ya ubaridi iliyodondosha maji kwenye ndoo. Maji hayo tuliyapigia deki chumba chetu, kwa hiyo hata siku ya mapumziko hakuna aliyepumzika na deki. Kitanda cha mtu kilikuwa nyumba yake na pazia ndilo mlango. Kila mmoja alining'iniza alichokuwa nacho: Mama Shiro blanketi jembamba, Nakato shuka lenye maua, mimi shuka la kampuni, Wakesho leso. Sheria ya chumba, ambayo hakuna aliyeiandika, ilikuwa hii: pazia likifungwa, mtu hayupo. Hata ukimsikia anapiga chafya, hayupo. Simu yake ikilia mezani na wewe ukaipokea, unasema, "Wakesho hayupo, piga baadaye," na Wakesho mwenyewe yuko mkono mmoja kutoka kichwani mwako, anakusikia unavyomdanganyia. Na akilia huko nyuma ya pazia, wewe huulizi. Nimeishi katika nyumba zenye kuta za mawe ambazo hazikuwa na heshima hiyo.

Nilikuwa mjane wa miezi minane nilipofika chumba kile. Nalitaja hilo mara moja tu, kisha nitalirudia mahali linapohitajika. Niliishia darasa la nane na nilikuwa sijaandika chochote isipokuwa barua na fomu. Aliyenitia katika kuandika ni mlinzi Mkenya wa jengo nililosafisha, kijana aliyechoka kukaa bila kazi kwenye meza ya mapokezi siku za Jumamosi. Alinisikia nikisimulia habari za mrenda, mboga ya kwetu inayoteleza, akacheka mpaka akashika meza, kisha akachukua simu yangu na kunifungulia blogu. "Andika kama unavyoniambia," alisema. "Usijaribu kuwa mwalimu." Akaniuliza iitweje. Nikamwambia nalala kitanda cha chini. Basi ikaitwa Kitanda cha Chini, na kila Ijumaa, nikitoka kanisani Mesaimeer, niliketi kitandani na kuandika kwa kidole gumba mpaka chakula kiive.

Habari ya mrenda yenyewe ilikuwa ndogo. Niliukuta kwenye friji ya duka, umegandishwa, umeandikwa kwa Kiarabu kuwa ni mulukhiya, nikaujua kwa kuutazama tu kama unavyomjua jirani aliyevaa nguo za harusi. Niliupika kwa magadi niliyoletewa na mtu, nikasonga ugali, tukaketi kuzunguka sinia juu ya gazeti.

"Nafula, hiyo kitu inavutika," alisema Mama Shiro. "Nikiimeza, nusu bado iko kwa sinia."

"Banange, hawa Wakenya wanakula gundi," Nakato akasema, na akala zaidi ya wote.

Wakesho alikula kimya, akafuta mdomo, akasema, "Kwetu tungeuita huu mboga ya mtu asiye na haraka." Nikayaandika hayo yote kama yalivyosemwa. Wiki iliyofuata watu nisiowajua, wa Kitale, wa Nakuru, wa Jeddah, walikuwa wameandika chini yake kwamba wamecheka, kwamba wamelia, kwamba wamekumbuka kwao. Mmoja aliuliza magadi nilipata wapi. Sikujua wakati huo kwamba huyo wa magadi ndiye msomaji mwema kuliko wote nitakaowahi kuwa nao.

Kwa maana wengine walianza kutaka. Ijumaa nikichelewa, waliuliza: "Dada, uko wapi? Chai imepoa tunakungoja." Vijana waliomba niwatafutie kazi ya ulinzi, na nikiwajibu kwamba mimi napangusa meza na sina kazi ya kumpa mtu, walijibu kwamba wanajua naficha. Wakali walisema Wakenya wa Ghuba tunajidai. Wapole walisema tunaonewa na niseme ukweli wote. Kwenye foleni ya langoni Mesaimeer, pale askari wanapokagua mikoba, mwanamume nisiyemjua alinigeukia akasema, "Wewe ndiye Kitanda cha Chini? Niandike basi. Mimi nina mambo." Nilimwambia nina viatu vinavyonibana na naomba asogee. Chumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mama Shiro alinionya nisitaje umri wake. Nakato alitaka nimwandike amenona.

"Wakisikia nimekonda watasema Doha imenishinda," alisema. "Weka nyama kidogo hapa kwa mashavu."

"Siandiki uongo," nikasema.

"Nyabo, si uongo. Ni dua."

Wakesho peke yake alisema, "Mimi niache." Nikamwambia siandiki jina la mtu yeyote. Alikuwa anapasua kitunguu. Akasema bila kuinua macho, "Jina si mtu." Nililisikia neno hilo nikaona ni zuri, na aibu yangu ni kwamba jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba lingefaa mwisho wa habari ya Ijumaa.

Wakesho alipowapigia watu wa kwao simu alisema, "Niko hospitali." Hakusema zaidi, na wao hawakuuliza zaidi. Walijijazia wenyewe. Mama mkwe wake alianza kumwita sista, kama wanavyoitwa manesi, kanisa zima likafuata, na kabla hajajua la kufanya alikuwa anaulizwa dawa ya goti, dawa ya kikohozi, mtoto wa fulani ana vipele. Na hapa ndipo ninapotaka Matilda asome polepole kama atasoma. Wakesho hakuwahi kubuni jibu. Kila swali alilipokea, akasema, "Ngoja niangalie, nitakupigia kesho," na kesho yake wodini, ndoo mkononi, alimsimamisha nesi mmoja Mfilipino, akamweleza goti la mama mkwe wake kwa Kiingereza chake cha kuunga. Jibu alilopewa alilileta nyumbani kichwani na kulipeleka Wundanyi neno kwa neno. Mara nyingi jibu lilikuwa, "Mpelekeni hospitali." Mama mkwe alisifu kwamba sista wake si mtu wa kubahatisha.

Na tukiwa kwenye sinia alituambia ya wodi. Hakusema habari za wagonjwa, kwa sababu aliona ni vibaya. Alisema habari za sakafu. Ndiye aliyetufundisha jambo la kandambili. "Unapopiga deki chini ya kitanda unaziondoa," alisema, "halafu unazirudisha. Wengine wanazirusha tu. Mimi naziweka ziangalie nje. Mgonjwa akikaa ukingoni anaingiza miguu, anaenda. Zikiangalia kitanda inabidi azunguke, na mtu aliyepasuliwa tumbo hazunguki."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?" Mama Shiro akauliza.

"Hakuna."

"Supavaiza anajua?"

"Supavaiza anaangalia sakafu imekauka. Kandambili hazimhusu."

Hilo sikuliandika. Mwandishi mwenye akili angeandika kandambili. Mimi niliandika pazia.

Ilikuwa Ijumaa ambayo sikuwa na la kusema. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: sikuwa na la kusema, na badala ya kunyamaza kama mtu mzima, nilitazama juu, kwenye kitanda cha Wakesho. Leso ya Wakesho ilikuwa ya manjano, yenye maandishi "Usinipimie kwa jicho lako," na pembeni alikuwa ameishonea kiraka cha sare ya shule ya binti yake, rangi ya damu ya mzee. Ilikuwa nusu ya doti. Siku ya kuondoka kwake mama mkwe aliikata doti mbele ya watu, nusu akampa yeye na nusu akabaki nayo, ndivyo walivyoagana. Niliyaandika yote hayo. Niliandika kwamba kila asubuhi mwanamke hutoka nyuma ya maneno hayo na kwenda kupiga deki wodi ya watu asiowajua. Niliona nimeandika vizuri. Jina sikutaja, Wundanyi sikutaja, hospitali sikutaja. Nilimficha mtu, nikaueleza mlango wake, na wale walioukata mlango huo kwa mkasi wao wakausoma.

Ijumaa iliyofuata Wakesho alikuwa anakanda unga wa chapati, mikono imejaa, simu ikalia juu ya kigoda. Akamwashiria Nakato kwa macho, Nakato akaipokea na kuiweka sauti ya juu. Ndiyo sababu sote tulisikia.

"Wifi, hujambo?" Ilikuwa sauti ya Matilda.

"Sijambo, wifi. Mama anaendeleaje na goti?"

"Goti liache. Ile leso ya mama iko wapi?"

"Iko hapa. Nimeining'iniza."

"Ina kiraka?"

Wakesho aliacha kukanda. "Ina kiraka."

"Basi kijana wa jirani ametusomea kwenye simu. Imeandikwa leso, imeandikwa kiraka, imeandikwa na deki. Kumbe sista wetu ni sista wa ndoo! Na mama anasimama kanisani anasema mkwe wangu anatibu Waarabu! Leo hakwenda kanisani, amelala anatazama ukuta. Mkamburi ameulizwa shuleni kama mamake anaosha vyoo. Sasa mimi nimjibu nini mtoto, wifi? Nimjibu nini?"

Mama Shiro alinitazama mimi, si simu.

"Wifi," Wakesho akasema, "chapati inaungua." Hakukuwa na chapati hata moja motoni. Nakato akakata simu.

Alimaliza kukanda. Alisukuma, akachoma, akatupakulia sote wanne, mimi pia, na hizo chapati nilizila kwa sababu kutokula kungekuwa kumwongezea uchungu. Kisha akapanda kitandani, akafungua leso, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya godoro. Nikasema, "Wakesho, jina lako sikulitaja."

"Nyamaza, wewe," alisema Mama Shiro. "Umesema ya kutosha."

Tangu siku hiyo Wakesho alilala bila pazia, uso ukutani. Kwa sheria ya chumba alikuwapo wakati wote, na hakuna aliyeweza kumsemesha. Chakula alipakua kwenye sahani yake na kula akiwa juu. Sinia likawa la watatu, na watatu kwenye sinia la wanne unaona pengo kila unapotia mkono.

Sasa nasimulia upumbavu wangu mkubwa, na naomba usiupunguze kwa huruma. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikosa pa kuanzia, kwa hiyo nikaanzia pale nilipozoea. Niliandika blogu yenye kichwa "Nimemkosea mwenzangu." Niliandika kila kitu: leso, simu, chapati ambayo haikuwepo. Nilijilaani vizuri sana. Watu waliipenda kuliko yote niliyowahi kuandika. Msamaha wangu ulisomwa na wengi kuliko kosa lenyewe. "Dada una moyo wa dhahabu." "Mwambie huyo dada kazi ni kazi." "Nimelia nikiwa kwenye basi." Mmoja aliandika sala ndefu yenye aya. Na mimi nilikaa pale chini nikiyasoma, nikiyahesabu, kifua kimejaa, mpaka kitanda cha juu kikalia na miguu ya Wakesho ikashuka mbele ya uso wangu.

"Umeniandika tena?" aliuliza. Nakato alikuwa amemwonyesha.

"Nilikuwa naomba msamaha."

"Ulikuwa unamwomba nani? Wa Nakuru ndiye uliyemkosea?"

"Wewe."

"Mimi nalala hapo juu yako, Nafula. Ungegonga ubao."

Akarudi juu. Nilibaki na ile simu mkononi, maoni yanazidi kuingia, moja baada ya moja, kila moja na moyo wake mwekundu, nikahisi kama mtu aliyemwagiwa supu na anapigiwa makofi. Ungegonga ubao. Nilikuwa nimefanya nini mwaka mzima? Na hapa ndipo narudia lile nililolitaja mara moja. Nilipitia blogu zangu zote alasiri hiyo, za mrenda, za basi la kampuni, za Mama Shiro kukoroma, za Nakato kubishana na mwenye bakala, na sikukuta hata sentensi moja ya mume wangu. Miezi minane ya msiba, kisha mwaka mzima juu yake, na sikuwa nimeandika kwamba alikufa, wala kwamba alikuwapo. Pazia langu mwenyewe sikuligusa. Nilikuwa nimefungua la kila mtu mwingine chumbani ili wageni watazame huko na wasitazame kwangu. Watu waliniambia nina ukweli. Ukweli gani? Niliwafunua wenzangu, nikajifunika mimi.

Ndipo nikaamua kuacha. Hata kuacha kwenyewe kuliniudhi, kwa sababu wazo la kwanza lilikuwa kuandika blogu ya kuaga, na tayari nilikuwa na sentensi tatu nzuri kichwani. Nikazitema. Ijumaa ilipofika niliosha nguo. Ijumaa ya pili niliosha tena, ingawa zilikuwa safi. Vidole gumba viliwasha. Kila mtu aliposema neno chumbani nililisikia likijipanga mstari, na nikaliacha lipite, likaenda zake likapotea, na hilo lilikuwa kama kumwaga maji mazuri. Msiniambie ilikuwa rahisi. Ilikuwa kitu pekee nilichowahi kufanya watu wakanisifu.

Wasomaji, kwa upande wao, hawakunielewa. Walianza na, "Dada, uko wapi?" Wakaja na, "Umetajirika umetusahau." Mwanamume wa foleni ya Mesaimeer aliniambia kwamba mtu mwenye kipaji akikizika Mungu humuuliza, na nikamwambia Mungu anajua ninapolala. Kisha mtu mmoja, sijui nani, akaandika, "Jamani, huenda amefariki." Wa pili akasema amesikia kuna Mkenya aliyekufa Doha. Wa tatu hakuuliza tena.

Nilikuwa nakunja nguo nilizoosha bure niliposikia sauti ngeni kutoka juu. Wakesho alikuwa anacheka. Wiki nyingi hakuwa amecheka, na alicheka kama mtu anayekohoa, akijizuia.

"Nafula," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kwangu tangu siku ya ubao. "Umekufa."

"Nini?"

"Umekufa, mama. Sikiliza." Akasoma kutoka kwenye simu yake: "'Pumzika kwa amani, Kitanda cha Chini. Ulikuwa mtu wa watu.'" Mama Shiro akafungua blanketi lake. "'Umetuacha mapema, nani atatuchekesha?' Na huyu: 'Nilikuwa nimekuomba unitafutie kazi ya ulinzi. Nimekusamehe, Mungu amekupenda zaidi.'"

"Banange!" Nakato aliruka kutoka kitandani. "Amekusamehe! Amekufa na amesamehewa!"

"Wameuliza maiti iko hospitali gani," alisema Wakesho, machozi yanamtoka. "Waambie iko kwangu. Nitaipigia deki."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Wakesho alishuka, akaketi sakafuni, nami nikashuka nikaketi naye, migongo kwenye chuma cha kitanda. Nikamwuliza kama niwajibu kwamba niko hai.

"Usijibu," alisema. "Ukijibu utaandika." Kisha, bila kicheko: "Niahidi. Hutaniandika tena, wala kwa wema wala kwa ubaya."

"Sitakuandika."

"Mpaka niseme mwenyewe."

"Mpaka useme."

"Na siku nyingine," alisema, "ukimlilia mume wako, vuta pazia lifike mwisho. Linaacha nafasi huku miguuni." Sikujua kwamba alikuwa akinisikia. Mwaka mzima alikuwa amenisikia na kwake nilikuwa sipo. Jioni hiyo leso ilirudi mahali pake na kiraka chake, na sinia likawa la wanne. Blogu sikuifungua tena. Neno la siri nimelisahau, na nilipotafuta miaka mingi baadaye ilikuwa imeondoka mtandaoni. Kwa hiyo wako watu mahali fulani wanaoamini hadi leo kwamba nilikufa mwaka huo, na sijapata sababu nzito ya kuwasumbua.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mkononi wiki hii. Nilijiuliza kama maneno ya kitandani mwake, akiumwa, ndiyo kule kusema tulikoahidiana. "Wamuulize kitanda cha chini." Mtu mgonjwa husema mengi. Lakini Wakesho alikuwa na miaka mingi ya kuniita Nafula na hakuwahi, hata mara moja baada ya mwaka ule, kunitaja kwa jina la blogu. Kulitaja siku ile kulikuwa kusema. Nilikubali, kwa kunung'unika.

Kisha Matilda akapiga simu. "Nafula, dada yangu, mambo ya mtoto yule usiyafuate. Watu watasema nini?"

"Walishasema," nikamjibu. "Wewe ndiye uliyesema. Simu ilikuwa juu ya kigoda, nilikuwepo."

"Nilikuwa na hasira," alisema. "Mama alikuwa amelala anatazama ukuta."

"Najua. Wakesho naye."

"Basi weka tu alikuwa hospitali. Alivyosema mwenyewe."

Ningeweza. Ni maneno yake, na si uongo. Lakini aliyasema hivyo kwa sababu aliwaogopa hao hao watakaoketi mstari wa mbele, na sasa hana wa kumwogopa. Nikamwambia nitamtumia Mkamburi, na Mkamburi ataamua, kwa sababu mama ni wake. Nikaandika kwa kidole gumba, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, nikafuta kila sentensi iliyojiona nzuri, zikabaki hizi: "Wakesho alifanya kazi ya usafi katika wodi ya hospitali, Doha, kwa miaka tisa. Alipiga deki. Kila kitanda aliinua kandambili za mgonjwa, akapangusa, akazirudisha zikiangalia nje, ili mwenye jeraha azivae bila kuzunguka. Hakuna aliyemwagiza. Wagonjwa hawakujua jina lake."

Mkamburi alijibu jana: "Imechapwa hivyo hivyo, Anti. Shangazi Matilda ndiye atakayeisoma. Ameomba mwenyewe." Kijitabu cha mazishi kina uzuri mmoja ambao blogu haikuwa nao: ukisoma mpaka chini, hakuna mahali pa maoni. Leo ni Ijumaa, wanamzika sasa hivi. Nimelaza simu kifudifudi na kuvuta pazia, mpaka mwisho, lisiache nafasi miguuni. Anayenitafuta aambiwe sipo.